Majimaji ni Neno Moja

Ukitaka kuwasha ubishi miongoni mwa vijana wanaoandika hapa Songea, usiwaulize habari za siasa wala za mpira. Waulize jambo dogo tu: jina la vita vile vya mwaka 1905 huandikwaje? Wa kwanza ataandika Maji Maji, maneno mawili na nafasi katikati. Wa pili ataweka kistari, Maji-Maji. Wa tatu ataunganisha yote, Majimaji, kisha atakuonyesha jina la uwanja wetu wa mpira na la timu yetu kama ushahidi. Kila mmoja atapata kitabu cha kumtetea. Halafu atatokea wa nne, mshikaji asiye na makuu, aseme: jamani, nafasi tu hiyo, kwani inabadilisha nini?

Inabadilisha mengi, ndugu msomaji. Nafasi ile ni mshono, na mshono husimulia habari za nguo: ilishonwa lini, kwa haraka ama kwa utulivu, na fundi alikuwa nani. Makala haya yanadai kwamba maneno yetu yaliyoungwa, yale ambayo walimu huyaita maneno ambatani, ni kumbukumbu ya historia iliyo wazi kwa kila mtu, na kwamba anayetaka kushika kalamu sharti ajue yameungwa wapi na yanakatika wapi. Tukimaliza, nami nitasema ninayoyaandika juu ya vile vita.

Tuanze na mitaa yetu

Hakuna haja ya kwenda mbali. Hapa mjini tuna kata ya Bombambili na kata ya Mjimwema. Hebu yatazame majina hayo. Mjimwema ni mji na mwema, na sarufi yake imenyooka kabisa. Bombambili ni jambo jingine. Mwalimu wa Kiswahili angedai mabomba mawili, na kwa sheria za darasani yuko sahihi. Lakini mtaa ulisema bomba mbili, ukaunga, ukapita zake. Leo hakuna ofisi yoyote inayoweza kulirudisha jina hilo shuleni likasahihishwe.

Kisha angalia kilichotokea baada ya kuungwa. Maneno yaliacha kueleza, yakaanza kutaja. Mtu anaweza kuibiwa kuku wake Mjimwema na mji ukabaki kuitwa mwema. Bomba zinaweza kuwa ishirini na kata ikabaki Bombambili. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: maneno mawili yakioana, kila moja huacha kusema la kwake, na nyumba inakuwa na kauli moja. Mwanamaji si mtoto wa maji. Mwanasheria hakuzaliwa na sheria. Askarikanzu, yule mpelelezi asiyevaa sare, anaweza kuvaa jinzi na fulana tangu Januari hadi Desemba, ila jina lake bado limevaa kanzu, vazi la raia wa zamani ile neno lilipozaliwa.

Garimoshi nalo ni vivyo hivyo. Sisi wa Songea hatuna reli, lakini neno tunalo. Lilikuwa gari la moshi, na moshi ulikuwa wa kweli, wa makaa na kuni. Treni za TAZARA, reli iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, zikaja na dizeli. Mwaka 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, wala hazitoi moshi wa kuwasha macho. Moshi umebaki ndani ya neno tu. Anayelisoma kwa makini anasoma enzi nzima iliyokwisha kupita.

Mshono unaonekana wapi?

Kuna njia rahisi ya kuupima mshono. Lipeleke neno kwenye wingi. Mfanyakazi huwa wafanyakazi: kichwa kinabadilika, mkia unatulia. Mjamzito huwa wajawazito: pande zote mbili zinabadilika, maana mzito bado anamfuata mja wake kama kivumishi kinavyofuata nomino. Mwanamke huwa wanawake, pande zote mbili pia. Mwanamume tulitegemea awe wanawaume, lakini ulimi ulichoka ukameza wa moja, akawa wanaume. Garimoshi huwa magarimoshi, kiambishi kikikaa mbele ya neno zima, wakati gari la moshi lilikuwa magari ya moshi. Neno ambalo pande zake bado zinabadilika mbili mbili bado mshono wake unaonekana. Neno linalopokea kiambishi kimoja tu mbele limekwisha kuwa kitambaa kimoja.

Jambo la pili ni kwamba Kiswahili mara nyingi huunga kwa kupunguza. Mwana wa nchi alipoteza wa yake akawa mwananchi. Gari la moshi lilipoteza la. Wako wanaofanya kinyume. Kinorwe, lugha ya watu wa Norwe kule kaskazini ya Ulaya, huunga maneno bila kuchoka, na mara nyingi huongeza kiungo katikati. Mtoto kwao ni barn, bustani ni hage, na shule ya chekechea ni barnehage, bustani ya watoto; ile e ya katikati ni uzi tu wa kushonea. Wao hushona kwa kuongeza uzi, sisi hushona kwa kuuchomoa.

Hao Wanorwe wana methali zao za utani kuhusu nafasi iliyowekwa ovyo. Lammelår, neno moja, ni paja la mwanakondoo, kitoweo cha sikukuu. Ukiandika lamme lår, maneno mawili, umemwandalia mgeni mapaja yaliyopooza. Usicheke sana. Andika wanawake wamefika, halafu andika wana wake wamefika. Sentensi ya kwanza imeleta akina mama, ya pili imeleta watoto wa mzee fulani. Ukiandika vitabu mbalimbali, unasema ni vya namna nyingi. Ukiandika viko mbali mbali, unasema havikai pamoja. Herufi ni zile zile. Nafasi ndiyo imefanya kazi yote.

Wajerumani, ambao lugha yao ni ndugu wa Kinorwe, walifika hapa Ungoni mwaka 1897 na kujenga boma lao, na pamoja na bunduki walileta tabia hiyo hiyo ya kuunga maneno. Jeshi lao liliitwa Schutztruppe. Schutz ni ulinzi, Truppe ni kikosi: kikosi cha ulinzi. Jeshi hilo ndilo lililochoma vijiji na maghala ya chakula kusini yote. Tazama basi jinsi neno lililoungwa linavyoweza kuficha jambo. Likishakuwa jina, hakuna anayeliuliza tena ulinzi ni wa nani.

Kupiga makofi

Sasa tuingie kwenye silabi, maana hapo ndipo watunzi wengi chipukizi hujikwaa. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu: so-nge-a, pe-ra-mi-ho. Lakini m nayo inaweza kusimama peke yake kama silabi kamili: m-tu, m-ke, m-ji. Kwa hiyo mwanamke si silabi tatu, ni nne: mwa-na-m-ke. Mwanafunzi ni nne: mwa-na-fu-nzi. Mjamzito ni tano: m-ja-m-zi-to. Usihesabu kwa macho. Piga makofi, sikio litakuambia.

Mwananchi ni mtihani. Nchi peke yake ni makofi mawili, n-chi, kwa sababu neno haliwezi kusimama bila silabi ya kubeba mkazo. Likiungwa na mwana, msemaji anayeishikilia ile n atahesabu nne, mwa-na-n-chi, na anayeharakisha atahesabu tatu. Mtunzi wa shairi la arudhi hapa ni lazima aamue, na akishaamua ashikilie uamuzi wake hadi beti ya mwisho. Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliwapa watunzi kigezo cha mizani. Sheria haikusikilizii n yako. Ni wewe wa kuisikiliza.

Sasa rudi kwenye majina yetu. M-ji-mwe-ma: nne. Bo-mba-mbi-li: nne. Ga-ri-mo-shi: nne. Ma-ji-ma-ji: nne. Si mwujiza. Maneno yetu mengi ya msingi yana silabi mbili, ukiunga mawili unapata nne, na nne mara mbili ni nane, mizani ya mstari wa utenzi na ya kipande cha shairi letu la kawaida. Neno ambatani ni nusu ya kipande, tayari limekatwa. Ndiyo maana linaingia kwenye shairi kama mguu kwenye kiatu chake.

Tena kuna mkazo. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Gari lina mkazo wake kwenye ga, moshi una wake kwenye mo. Vikiwa viwili, unasikia vishindo viwili. Vikiungwa, kile cha kwanza hulegea na kishindo kikuu hubaki kimoja, kwenye mo. Hapo ndipo maneno yanapooana hasa: si kwenye karatasi, ni kwenye pumzi. Karatasi huja baadaye kuandikisha ndoa.

Na kwa wale wanaochapa magazeti yao wenyewe, angalieni mwisho wa mstari. Kompyuta iliyopangwa kwa sheria za Kiingereza inaweza kukata mwan- na kupeleka -amke chini, jambo ambalo hakuna mdomo wa Mswahili unaoweza kulitamka. Hata kukata kwa silabi peke yake hakutoshi. Mfa-nyakazi ni sahihi kwa makofi, lakini msomaji kwa sekunde moja ameona mtu anayekufa. Kata kwenye mshono: mfanya-kazi, mwana-mke, gari-moshi. Mahali maneno yalipokutana ndipo yanapokubali kuachana bila kuumia.

Vilio viwili

Haya yote yanatuleta kwenye vita. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akigawa maji ya dawa, na watu wa makabila mbalimbali walikuwa wakienda kuyachukua. Imani ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa, vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mapema Agosti, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutembea. Yakafika Ungoni, kwa Mputa Gama wa Njelu na Chabruma wa Mshope. Misheni ya Peramiho ikachomwa. Oktoba 1905, huko Namabengo, Wangoni wakakutana na bunduki za rashasha.

Wapiganaji walikuwa wakiita: Maji! Maji! Hapo yalikuwa maneno mawili, na hakuna ubishi. Kila moja na pumzi yake, kila moja na mkazo wake kwenye ma. Ndivyo binadamu anavyoita akiwa kwenye hatari. Anasema Moto! Moto! Anasema Mwizi! Mwizi! Mara ya kwanza ni kutaja, mara ya pili ni kuomba. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na silaha ambayo Waswahili waliiita bombomu, na neno hilo nalo ni mlio uliorudiwa. Maji mara mbili yalikutana na bom mara mbili. Sikio likisikia maneno hayo mawili pamoja, halihitaji mwalimu wa historia.

Februari 27, 1906, makumi ya viongozi na wapiganaji wa Kingoni walinyongwa hapa. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, naye alinyongwa na Wajerumani mwaka huo huo. Njaa iliyofuata, kwa kuwa mashamba na maghala yalichomwa makusudi, iliua wengi kuliko risasi. Hesabu za wanahistoria juu ya waliokufa kusini yote zinaanzia 75,000 na kufika hadi 300,000.

Waliobaki walihitaji jina la kile kilichowapata. Wajerumani walikiita uasi. Watu walichukua kile kilio. Hawakukieleza, hawakukitafsiri, walikiunga. Vilio viwili vikawa jina moja, mkazo ukahama kutoka silabi ya kwanza kwenda ya tatu. Sema mwenyewe kwa sauti: Maji! Maji! Kisha sema: vita vya Majimaji. Umesikia? Katika ile ya kwanza vita vinaendelea. Katika ile ya pili vimekwisha, na kuna mtu anayevisimulia.

Lugha ilikuwa hatarini kulipoteza jina hilo, maana majimaji katika Kiswahili cha jikoni ni kitu kilicholowa au uji usioshikamana. Kurudia neno kunaweza kuongeza nguvu, kama polepole, na kunaweza kupunguza. Lakini hakuna Mtanzania anayesikia vita vya Majimaji akafikiria uji. Waliokufa wamelipa neno maana nyingine, na maana ya jikoni imekaa pembeni kwa heshima.

Waandishi nao wamelibeba kila mmoja kwa namna yake. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alilifanya utenzi, ambao Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliuchapisha mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1968 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kusini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai. Mwaka uliofuata ikatoka Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein. Na jarida la wanafunzi la Cheche lilipopigwa marufuku mwaka 1970, Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni ulianzisha jingine. Wakalipa jina gani? La vile vita. Vijana wenye jarida dogo wanajua wapi pa kuchota jina.

Nani ana ruhusa ya kuunga?

Mwaka 1930 serikali za kikoloni ziliunda kamati ya kusanifisha Kiswahili cha nchi nne za Afrika Mashariki. Baada ya uhuru likaja BAKITA mwaka 1967, na TUKI mwaka 1970. Wataalamu hao wametufanyia kazi kubwa, na maneno kama kipimajoto na kinasasauti yanajieleza yenyewe. Lakini jaribio la kukata chakula cha mchana kuwa chamcha na chakula cha jioni kuwa chajio halikufika mtaani. Vijana wanasema msosi. Kwa nini? Mshono ulifichwa mno. Anayesikia chajio hasikii chakula wala jioni, na hakuna aliyelipigia kelele neno hilo akiwa na njaa.

Linganisha na bodaboda. Kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, huko Busia, waendesha baiskeli walikuwa wakiita abiria wa kuvuka: Boda! Boda! Yaani mpaka kwa mpaka. Vilio viwili, mikazo miwili. Leo pikipiki inayokupeleka Bombambili ni bodaboda, neno moja, silabi nne, mkazo kwenye ya tatu. Daladala za Dar es Salaam, zilizotokana na dala, yaani sarafu ya shilingi 5 iliyokuwa nauli miaka ya 1980, nazo zimepita njia hiyo. Ni njia ile ile waliyopita wapiganaji wetu: mtu anaita kwa kuwa ana shida, wengine wanaitikia, na kilio kinageuka jina. Neno lililotoka kwenye shida ya kweli halihitaji kutangazwa.

Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, kwenye Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na nchi yake. Alikutana na wazao wa Songea Mbano, ambao wamekuwa wakidai fuvu lake, linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Mia moja na zaidi ya miaka ilipita kabla ya maneno hayo kusemwa. Muda wote huo jina lilikuwa likilinda habari hii, katika utenzi, katika uwanja wa mpira, katika midomo ya watoto wanaoshangilia timu bila kujua wanarudia kilio cha nani.

Kwa hiyo huu ndio msimamo wangu, na wenzangu wa kalamu wanaweza kuupinga katika toleo lijalo. Ukiandika hadithi, na shujaa wako yuko Namabengo, jasho linamtoka, bombomu imeanza kulia, mwandikie Maji! Maji! maneno mawili, na kila moja mpe alama yake ya mshangao. Usimuungie kilio chake, bado hajakimaliza. Lakini ukiandika habari za vita, ukikaa mezani kama mrithi anayesimulia, andika Majimaji, neno moja, bila kistari na bila nafasi. Watu wamekwisha kuliunga kwa pumzi zao. Kazi ya mwandishi ni kutolifumua.